Hatua Zilizomezwa na Kamba

Watu walimwita Kinyaa, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Kila kitu kilimchefua. Mtu akipiga chafya ng'ambo ya barabara, yeye huku anajifuta uso. Akialikwa kula alikwenda na kijiko chake mfukoni, kimefungwa kwenye kitambaa, na akiona inzi mmoja tu ametua pembeni mwa sahani alisema ameshiba tangu jana. Watoto wa jirani walikuwa wakipenga kamasi makusudi mbele yake ili wamwone anavyokunja uso na kushika tumbo. Mke wake, Mungu amrehemu, alizoea kuwaambia wenzake kwamba ameolewa na mwanamume mwenye mimba ya miaka thelathini.

Lakini hapakuwa na kamasi wala inzi aliyemchefua kama ukuta wa mbele wa ofisi ya mwenyekiti. Pale palikuwa pameandikwa kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kubwa: KAMBA MOJA KWA WOTE. Chini ya maandishi, juu ya misumari mitatu, ilitundikwa kamba yenyewe, ya katani, nene kama kidole gumba, imekunjwa duara na kugeuka rangi ya moshi. Mgeni yeyote wa maana aliletwa kuitazama. Wanafunzi walipangwa mbele yake kila mwaka wakaambiwa kwamba hii ndiyo iliyogawa ardhi yenu kwa haki, bila kumtazama mtu usoni. Kinyaa alikuwa akipita hapo anatema mate pembeni, na watu wakacheka wakijua ndiyo tabia yake.

Hawakujua kitu. Kamba ile aliijua yeye kuliko mtu yeyote aliyebaki hai, maana yeye ndiye aliyeivuta.

Mahali penyewe ni padogo. Ukisimama juu barabarani, kwenye mashine ya kusaga, unapamaliza pote kwa jicho moja. Ardhi inateremka polepole kuelekea kijito. Juu udongo ni mwekundu, katikati ni wa kahawia, na chini kabisa, kandokando ya maji, ni mweusi, wa kushika na kuacha alama kwenye kiganja. Njia za zamani za toroli zinashuka moja kwa moja toka barabarani hadi kijitoni, kumi na mbili kwa idadi, zimeota nyasi lakini bado zimenyooka. Kati ya njia na njia kuna safu ya mashamba sita, moja chini ya jingine. Halafu, baada ya shamba la sita, kabla ya maji, kuna ule ukanda mweusi unaokata safu zote kwa upana, hatua mia kwenda chini. Unaitwa Masalio. Ukame ukija, mahindi ya juu hukauka, ya katikati hunyauka, na ya Masalio hucheka tu. Mwenye Masalio ni mtu mmoja, naye ni mwenyekiti.

Zamani pote hapo palikuwa katani tupu, mali ya kampuni. Ukitaka kujua Kinyaa alivyoanza kuchefuka, anzia hapo. Alizaliwa kambini, kwenye chumba cha tisa cha jengo refu lenye vyumba arobaini na choo kimoja cha shimo. Kiwanda kilikwangua majani na kumwaga makapi kijitoni, na makapi ya katani yakioza hunuka kiasi kwamba huwezi kumwelezea mtu ambaye hakuyanusa. Harufu ilikaa kwenye nywele, ikakaa kwenye unga, ikakaa kwenye nguo zilizotoka kufuliwa. Maji yalikuwa ya kijani yenye povu, na ukiyaoga unawashwa mpaka ujikune damu. Watoto wengine walizoea. Yeye hakuzoea, na nadhani alikuwa na haki.

Kisha bei ya katani ikaanguka, wazungu wa kampuni wakafunga mabegi, na Jumatatu moja king'ora hakikulia. Watu walikaa kambini miaka miwili wakila walichopata. Ndipo serikali ikasema ardhi wagawiwe waliokuwa vibarua, kila kaya sawa na nyingine. Akaja ofisa mmoja na mchoro. Upana wa shamba, akasema, ni kutoka njia ya toroli hadi njia ya toroli. Urefu ni mita mia nne. Watu waliziita hatua, hatua za serikali, na mpaka leo wanaziita hivyo. Ofisa akaacha mchoro, akaacha maneno mazuri, hakuacha hata kipimo kimoja. Kazi yote akamwachia nyapara wa zamani wa kampuni, mtu aliyejua kusoma na aliyekuwa na sauti.

Nyapara akasokotesha kamba kwa katani ya mwisho iliyokuwa ghalani, hatua hamsini kamili, wakaihakiki mara tatu kwa fito ya mita ya kampuni, watu wote wakitazama. Hapo hapakuwa na ujanja. Akachagua vijana wawili wa kuivuta. Mpwa wake akashika mbele. Nyuma akashika Kinyaa, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, baba yake ameshafariki, na yeye ndiye kichwa cha kaya mbele ya mama yake. Nyapara akamkabidhi pia debe la maji.

"Kamba kavu inakatika," alimwambia. "Iwe inalowekwa kabla ya kuvutwa."

Mashamba ya juu, karibu na barabara, yalipimwa kwanza, na huko kamba ilivutwa kavu kwa sababu maji yako mbali. Wa juu walikuwa kina nani? Ndugu za nyapara, marafiki za nyapara, karani aliyekuwa akimwandikia nyapara, na mwisho kabisa, Kinyaa. Kuanzia shamba la pili kwenda chini kamba ililowekwa kila mara.

Siku ya tatu, wakati wa kula, waliiacha imefungwa kwenye vigingi viwili, mbichi, imekazwa ngangari. Jua likaiwakia. Kinyaa aliporudi na kijiko chake mfukoni akaikuta imelegea, imening'inia katikati kama tumbo la mbuzi aliyetoka kunywa maji. Hakuna aliyeigusa. Akasimama akaitazama. Aliyekulia kwenye katani hahitaji kufundishwa mara mbili: ikinywa maji inavimba na kufupika, ikikauka inarudi. Kwa hiyo hatua hamsini walizokuwa wakiwapimia watu hazikuwa hamsini. Alipoinua macho, nyapara alikuwa amesimama ng'ambo ya kigingi anamtazama yeye, si kamba.

"Shamba lako liko safu ya pili, juu," nyapara alisema. "Umelipenda?"

"Nimelipenda."

"Haya. Loweka kamba, tuendelee."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kinyaa alisema baadaye kwamba dakika ile alisikia ladha mdomoni, ladha ya yale maji ya kijani, na haikumtoka tena.

Kila shamba lililopimwa kwa kamba mbichi lilipoteza hatua ishirini. Mashamba matano ya namna hiyo kwa kila safu, hatua mia. Zote zilijilundika mwisho wa safu, kwenye udongo mweusi. Siku walipomaliza nyapara alisimama pale amejishika kiuno, akajifanya kushangaa.

"Jamani, pamebaki! Haya ni masalio. Nani ayachukue?"

Watu walikuwa wamechoka, kila mmoja anawaza shamba lake, na kando ya kijito bado palinuka. Hakuna aliyejibu.

"Basi niyatunze mimi," akasema. Akayatunza mpaka kaburini, na mwanawe akaendelea kuyatunza.

Ni mtu mmoja tu aliyeshtuka. Alikuwa mume wa dada yake Kinyaa, mkata katani mrefu mwenye miguu kama fito, aliyetembea kwenye mistari ya kampuni miaka kumi na nne na kujua hatua zake kama ajuavyo vidole vyake. Walipewa shamba la sita, safu ya saba, la mwisho kabla ya Masalio. Asubuhi ya kwanza shemeji alishuka toka kigingi cha juu akihesabu, akafika kigingi cha chini akiwa kwenye mia tatu themanini. Akarudi, akahesabu tena. Akamwambia kila mtu. Alipoona hakuna anayemsikiliza, akajenga nyumba yake pale hatua ya mia nne ilipoishia, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, ndani ya Masalio, na kuizunguka akapanda mahindi.

Nyapara akaitisha mkutano. Kamba ikaletwa, shamba lipimwe upya mbele ya wote. Kinyaa akaitwa na debe lake. Safari hii hakuna aliyemwambia aloweke. Nyapara alimtazama tu, akatazama juu, safu ya pili, akamtazama tena. Kinyaa akaiingiza kamba kwenye maji, akaiacha inywe mpaka ishibe. Wakavuta mara nane. Ncha ikaangukia kwenye kigingi cha zamani, ukucha kwa ukucha, na watu wakaangua kicheko.

"Wewe ni ndugu yao," nyapara akamwuliza kwa sauti ya kusikika. "Sema mbele ya watu. Kamba ina kasoro?"

Dada yake alikuwa amesimama pale, ana mtoto mgongoni, anamtazama mdogo wake kama anayesubiri kuambiwa saa ngapi.

"Haina," Kinyaa akasema.

Mahindi yaling'olewa. Nyumba, nyapara akasema, ataiacha kwa huruma yake, asije akaambiwa ana roho mbaya. Kwa huruma hiyo dada mtu alikwenda kila msimu kupalilia bure shamba la mke wa nyapara, kisha la mke wa mwanawe. Shemeji akabandikwa jina la Mwizi wa Hatua. Aliishi nalo miaka kumi na tisa. Kila alfajiri alishuka shamba lake akihesabu kwa sauti, na waliopita njia ya toroli walimwitikia namba za uongo ili akosee. Alipokufa, hata pale kaburini mtu mmoja aliuliza shimo limepimwa hatua ngapi. Watu wakajizuia kucheka, wengine hawakujizuia. Kinyaa alikuwa ameshika koleo. Alitamani ardhi iwatapike wote, yeye akiwa wa kwanza.

Sasa, miaka arobaini na nne tangu kamba ivutwe, wapimaji wa hati wakafika na mashine yao ya miguu mitatu. Kiongozi wao alikuwa mwanamke kijana mwenye buti kubwa na maneno machache. Siku mbili hazikuisha akagundua kitu. Mashamba ya juu yote yalikuwa na mita mia nne, kama mchoro unavyosema. Ya chini yote yalikuwa na mia tatu themanini, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Kosa la bahati mbaya, alisema, halirudii namba moja mara hamsini na tano. Akamwambia mwenyekiti utaratibu ulivyo. Akipatikana shahidi wa upimaji ule aseme kamba ilikuwa sahihi, mipaka itafuata vigingi vya zamani. La sivyo, itafuata mchoro.

Kesho yake Kinyaa akaitwa ofisini.

Aliingia ameziba pumzi kama kawaida yake. Chumba kilikuwa na meza moja yenye duara za vikombe vya chai, juu ya duara nyingine, juu ya nyingine, kama miaka yote imekaa pale haijafutwa. Mwenyekiti alikuwa amemaliza kula yai la kuchemsha. Ganda lilikuwa juu ya karatasi za serikali. Alichokonoa meno kwa kijiti, akakitazama, akakirudisha kwenye kikopo pamoja na vijiti vingine ambavyo wageni nao hukaribishwa. Kinyaa aliona kwa macho yake.

"Karibu, mzee wangu, kaa. Chai?"

"Nimeshakunywa."

"Kijiti?"

"Hapana!"

Mwenyekiti akacheka, akamsukumia karatasi. "Ni jambo dogo. Karani ameshaliandika vizuri, wewe ni sahihi tu hapa chini. Kwamba ulishika kamba, kamba ilikuwa sawa, masalio yalikuwa masalio. Maana mzee, umebaki wewe tu. Wewe ndiyo historia yetu! Tutakuandika jina pale ukutani."

"Na nyumba ya dada yangu?"

"Ah, ile." Mwenyekiti alipangusa midomo kwa kiganja. "Ile itatoka. Hati haitoki huku kuna nyumba ya mtu mwingine juu yake. Nimempa mpaka mwisho wa mwezi. Baba alimsamehe, mimi nimemsamehe, lakini huruma nayo inachoka. Au vipi?"

"Ana miaka sabini."

"Kwani nimesema abebe matofali mwenyewe?"

Kinyaa aliangalia kidole cha mwenyekiti kilichokuwa kikisukuma ganda la yai huku na huku juu ya karatasi. Kidole kilikuwa kinene, kina mafuta, na kilikuwa kile kile cha baba yake.

"Shamba lako kule juu linaandikiwa hati Alhamisi," mwenyekiti akasema, sauti ileile ya kukaribisha chai. "Nisingependa lipate usumbufu. Unajua wapimaji walivyo, wakianza kuchimbua mambo. Chukua karatasi, kaisome kwako, uniletee."

Alitoka nayo imekunjwa mara nne. Akateremka njia ya toroli mpaka chini, miguu ikijiendea, na akamkuta dada yake ameketi mlangoni anachambua maharage. Nyuma yake, ndani, masufuria yalikuwa yameshafungwa kwenye shuka. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa na ile ngozi ngumu ya mtu aliyepalilia mashamba mawili maisha yake yote, moja lake na moja la wenye huruma.

"Naona umeshaambiwa," dada akasema. "Kaa basi. Au mpaka nikufutie kiti?"

"Unakwenda wapi, dada?"

"Nitajibanza hapo juu kwenye mahindi, vijana watanisimamishia kibanda. Mvua zikianza tutajua." Akapuliza makapi ya maharage. "Simlaumu mwenyekiti. Wametuvumilia miaka mingi, wale. Aliyeniponza ni marehemu. Angejenga ndani ya mpaka wake kama wanaume wenzake, yangekuwepo haya? Nilimwambia. Nilimwambia mpaka nikachoka, baba watoto, mdogo wangu alikuwa ameshika kamba kwa mkono wake, damu yangu, atudanganye ili iweje? Hakusikia. Kichwa kama jiwe la kusagia."

Kinyaa akainuka. Akazunguka nyuma ya nyumba, akashika ukuta aliojenga shemeji yake, akatapika mpaka yakatoka maji matupu. Hakuna inzi, hakuna kamasi, hakuna choo cha kambini kilichowahi kumtapisha hivyo. Alijinusa mwenyewe.

"Nini tena?" dada akaita kutoka mbele. "Umeona panya?"

"Sijaona kitu," akasema.

Alhamisi asubuhi watu walikusanyika kwenye safu ya saba, kwenye kigingi cha juu cha shamba la dada yake, maana mpimaji alitaka shahidi aseme pale pale penye mpaka. Walikuja wa juu na wa chini. Mwenyekiti alivaa koti. Alimnyooshea Kinyaa mkono apewe karatasi, Kinyaa akampa, na karatasi ilikuwa haina sahihi.

"Kalamu iliisha wino?" mwenyekiti akauliza, anatabasamu.

"Naomba kamba iletwe," Kinyaa akamwambia mpimaji. "Ile ya ukutani. Na debe la maji."

Mwenyekiti akasema kamba ile ni kumbukumbu, haichezewi. Mpimaji akasema angependa kuiona. Karani akaenda, akarudi nayo begani, anapiga chafya kwa vumbi. Wakaitandaza chini, ngumu, imekumbuka mikunjo yake. Mpimaji akanyoosha tepu yake ya chuma kando yake. Mita hamsini, na kiganja kimoja cha uzee.

"Si mnaona?" mwenyekiti akapaza sauti. "Kamba moja kwa wote! Mzee wetu amethibitisha. Tumshukuru."

Wengine wakapiga makofi. Kinyaa alikuwa ameshachuchumaa. Aliikusanya kamba kwa mikono miwili, akaishindilia ndani ya debe, akaikandamiza. Vumbi la miaka yote likapanda juu ya maji, likawa povu la kijani kibichi, na harufu ikamfikia. Hakugeuza uso.

"Tunasubiri nini?" mtu akauliza.

"Inywe," Kinyaa akasema.

Ikanywa. Watu wakaanza kupiga soga, mwenyekiti akatazama saa mara tatu. Kisha Kinyaa akaitoa, inachuruzika, akampa karani ncha moja na mwenyewe akashika nyingine, nyuma, kama zamani. Wakaikaza kando ya tepu. Mpimaji akainama, akasoma, akasogea karibu akasoma tena.

"Arobaini na saba na nusu," akasema.

Mwenyekiti akaacha kutazama saa.

"Juu tulipima kavu," Kinyaa akasema, na sauti yake ilitoka kavu vilevile. "Huku chini tulipima mbichi. Kila shamba hatua ishirini. Marehemu nyapara ndiye aliyeagiza, na mimi ndiye niliyebeba debe. Nilijua tangu siku ya tatu. Siku ya kesi ya shemeji yangu hakuna aliyeniagiza, nililoweka mwenyewe. Masalio si masalio. Ni mashamba yenu. Mmekuwa mkiyatazama kwa mbali miaka arobaini na nne."

"Mzee ameshazeeka," mwenyekiti akamwambia mpimaji, haraka haraka. "Anachanganya mambo. Tangu mkewe afariki, huyu..."

"Na kamba nayo inachanganya?" mpimaji akauliza. Akafungua daftari, akaandika, akamwita Kinyaa aweke sahihi. Akatamka waziwazi ili wa nyuma wasikie: mipaka ya chini itafuata mchoro. Nyumba ya shamba la sita, safu ya saba, iko ndani ya mpaka wake.

Hapo fujo ikaanza. Mzee mmoja wa bondeni alikaa chini akalia kama mtoto. Mwingine aliokota bonge la udongo akamrushia Kinyaa, likampata begani, na wawili wakamshika asirushe la pili. Vijana wakaanza kumwita shujaa. Shujaa! Wakataka kumbeba juu juu, mikono yao ya jasho ikimkamata mapaja. Na mmoja wao akasema jambo ambalo ni kweli tupu: shamba la mzee mwenyewe liko juu, lilipimwa kavu, halipungukiwi hata hatua moja. Alilisema kwa kumsifu, kwamba amesema kweli bila faida yoyote. Kinyaa akajichomoa mikononi mwao. Neno lile lilimnukia kuliko makapi ya kiwanda.

Dada yake hakuwa kwenye kelele. Alikuwa ameshateremka peke yake. Kinyaa alimfuata, na alipomfikia alikuwa amesimama mbele ya mlango wake.

"Dada, umesikia? Haivunjwi. Utakaa hapa mpaka mwisho."

"Siku ile ya kesi," dada akasema bila kugeuka. "Uliponitazama ukasema haina kasoro. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Juu shambani watu walikuwa bado wanapiga kelele, mtu anacheka, mtu anamtukana mwenyekiti.

"Marehemu alikuwa akiniomba jambo moja," dada akasema. "Hakuniomba nimwamini. Aliniomba nitembee naye. Toka kile kigingi hadi hapa, mara moja tu, nihesabu mwenyewe kwa mdomo wangu. Kila mwaka aliniomba. Nikamwambia siandamani na mwizi watu wakitazama. Hata siku ile anaumwa, hawezi kuinuka tena, alisema, nenda basi wewe peke yako, urudi uniambie. Nikamwambia nina kazi ya kupalilia kwa mke wa nyapara. Nikaenda kupalilia."

"Dada, mimi..."

"Wewe ulimwita mwizi siku moja, mbele ya watu," dada yake akasema. Sasa alikuwa amegeuka, na alikuwa akimtazama mdogo wake kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. "Mimi nilimwita miaka kumi na tisa, ndani ya nyumba hii, kwa neno lako. Nenda kwako."

Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.